Unga wa Mama Kiuno

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi tu: kwa fundi kuna mimba.

Fundi ni mimi. Nashona nguo za kina mama kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu.

Na nyumba hiyo ina wanawake wawili. Mimi, mwenye mume lakini kitinda mimba wangu ameshaota ndevu, na binti yangu mkubwa, anayeuza kwenye duka la simu na hana mume.

Sasa jumlisheni wenyewe.

Nilijaribu kuupuuza, ukanigomea. Kila nikikanyaga cherehani naisikia inasema: kuna mimba, kuna mimba, kuna mimba.

Nikaanza kumchunguza binti. Asubuhi hali kitu. Chooni ameshahamia. Na zile siku zake za mwezi, ambazo zamani nyumba nzima tulizijua kwa ukali wake, kimya!



Kumuuliza niliogopa, maana binti yangu ukimrushia neno anakurudishia kapu zima. Nikatumia ufundi wangu.

"Njoo nikupime, nakushonea gauni."

Nikazungusha tepu kiunoni. Nikazungusha tena.

"Mama, mbona unarudia?"

"Tepu imelegea."

"Imelegea, au kuna kitu unakitafuta?"

"Geuka huko! Simama wima nikupime!"

Kiuno kilikuwa kimepungua. Mimba gani hiyo inayopunguza kiuno?

Alipokwenda kazini nikapekua chumba chake, tena bila aibu. Ndani ya kiatu nikakuta kopo la unga wa kijani, limebandikwa picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu.

Aliporudi nikamuwekea kopo mezani.

"Ni dawa ya asili, mama. Inapunguza mwili na kusawazisha homoni. Kaniuzia Mama Kiuno."

Mama Kiuno ni msusi wa pale kona. Mikono inasuka kichwa chako, mdomo unakuuzia kiuno.

"Na siku zako je?"

"Zilikuwa zinarukaruka, ndiyo maana naunywa. Sasa zimekata kabisa. Anasema hapo ndipo mwili unajisafisha."

"Kuanzia leo hili kopo nimelitaifisha!" nikamwambia.

Ningelimwaga chooni, hadithi ingeishia hapo.

Lakini nikajitazama. Gauni langu la lastiki limeanza kunibana. Joto linanipanda, usingizi unanikuta hapohapo kwenye cherehani. Na mimi siku zangu zilikuwa zimekwishaniaga. Nikasema huu ni umri tu, ni homoni hizihizi wanazozisema. Halafu unga wenyewe ni majani. Mbona mbuzi anakula majani na hafi?

Nikachota kijiko.

Jamani! Mteja amesimama na pini begani, mimi huyoo, mbio chooni. Tumbo linanguruma kama lori. Nikajipa moyo kwamba mafuta ndiyo yanatoka.

Binti naye, kumbe alikuwa amenunua kopo jingine. Siku namjaribisha lile gauni, akashika ukuta, macho yakampinduka, puu! Chini.

Nilimfikisha zahanati sina hata viatu miguuni. Nikamweleza nesi habari za unga, akampima.

"Hana mimba."

Nikapiga vigelegele! Watu wakageuka.

"Mama, subiri kushangilia," nesi akasema. "Binti yako amekaukiwa maji. Huu unga unaharisha. Na mwili ukinyimwa chakula unaweza kusimamisha hedhi, hiyo siyo kujisafisha. Tutampima homoni, tujue kwa nini zilianza kurukaruka." Kisha akaniangalia. "Na wewe, mbona umeshika tumbo?"

"Gesi tu, mwanangu. Na mimi naunywa. Kidogo."

Akanipa kikopo. "Nenda ukojoe humu."

Aliporudi na majibu alikuwa anabana kicheko.

"Mama, mjamzito ni wewe."

Binti yangu, dripu mkononi, akajiinua kitandani: "Geuka huko! Simama wima nikupime!"

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nawaza kila kijiko nilichokimeza. Nimemfanya nini huyu kiumbe? Wakanilaza, wakanipaka kitu cha baridi tumboni, wakapitisha kipimo juu yake. 

Ndipo nikausikia moyo wake. Mbiombio, kama cherehani yangu ikikanyagwa: kuna mimba, kuna mimba, kuna mimba.

Nililia mpaka nesi akanipa pamba nijifute.

Baadaye mteja wangu mmoja, mkunga mstaafu, akaniambia uvumi ulianzia kwake. "Nilikuona ulivyoshika mgongo ukipima pindo la gauni langu. Nikasema kwa fundi kuna mimba. Nani alimtaja binti?"

Hakuna. Nilimtaja mimi, kichwani mwangu.

Nikaenda kumvaa Mama Kiuno. Mnajua alinijibu nini?

"Si umeona, shoga! Homoni zimekaa sawa mpaka umeshika mimba!"

Na sasa anawaambia wateja wake hivyohivyo, mimi ndiye ushahidi. Ndiyo maana naandika. Dada zangu, nilishika mimba kabla ya unga, na ingeweza kuniponyoka kwa sababu ya unga.

Kwa hiyo:

Usinywe unga usiojua umetiwa nini, hata ukiitwa wa asili.

Usiache kula ili ukonde.

Usikubali kuambiwa kukosa siku zako ni mwili kujisafisha. Nenda kapimwe.

Usiseme ni umri kabla hujapima mimba.

Usimpime binti yako kwa tepu. Muulize.

Na fundi, usipime watu wote ukajisahau mwenyewe.