Abiria Tuliyempakia Tinde

Baba yangu alikuwa na kazi ya kupekua watu. Kwa miaka sita alisimama kwenye lango la mgodi wa almasi, upande wa Songwa, akiwapapasa wafanyakazi walipotoka zamu. Alijua kwamba jiwe dogo kuliko punje ya mtama linaweza kukaa chini ya ulimi, kwenye nywele, katikati ya vidole vya miguu, hata ndani ya andazi lililoumwa nusu. Kazi ile ilimfuata mpaka nyumbani. Mgeni akija kututembelea, baba aliitikia salamu huku macho yake yakimshuka yule mtu taratibu kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili za matairi alizovaa. Nami, binti yake wa kwanza, nilijifunza kuwatazama watu vile vile kabla sijajua kusoma.

Mkataba wake ulipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, baba mdogo aliyekuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita alimletea habari kwamba kuna nafasi ya mlinzi, ila awahi kabla mwezi haujaisha. Tukagawa mbuzi wetu kwa ndugu, tukafunga mizigo, tukapanda lori la mfanyabiashara mmoja wa Shinyanga lililokuwa likipeleka chumvi na mabati huko. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi hivi, na mdogo wangu wa kiume ambaye bado alibebwa mgongoni.

Safari ilianza vibaya. Hata mji haujatupotea machoni, jogoo wetu alikata kamba, akaruka kutoka juu ya chumvi na kuishia kwenye mashamba ya watu. Maili chache mbele, kinu cha mama kikaporomoka barabarani.

"Kiache, nitachonga kingine," baba alisema.

Mama alichukua mchi akagonga bati la kichwa cha lori mpaka dereva akasimama. Akanikabidhi mtoto, akarudi nyuma kwa miguu, na baada ya muda tukamwona anakuja anakiviringisha kinu kama pipa, kitenge amekifunga kiunoni.

Dereva alimgeukia baba. "Bwana, una mke wewe."

Baba hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kamba iliyofunga kinu haikulegea yenyewe. Utingo ndiye aliyeilegeza, na kuna mtu wao nyuma huko aliyekuwa anangojea kuokota. Nikamwamini. Tangu hapo nilikuwa namtazama utingo kila aliposogea.

Pale Tinde tulipakia abiria mmoja. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, amekonda, mkononi ana fimbo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cha kaki kuanzia kwenye kifundo mpaka chini ya goti, na kitambaa kimeviringishwa mara nyingi hata mguu ukaonekana kama gogo. Walimpandisha kwa kumshika makwapa. Akakaa pembeni kabisa, juu ya mabati, akajifunika shuka.

"Pole, mwanangu," mama alimwambia. "Umepatwa na nini?"

"Shoka, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nilikuwa napasua kuni."

Mimi nilikuwa nimemsikia dakika chache kabla, alipokuwa akipatana na dereva, akisema ameanguka na baiskeli. Nikamtazama baba. Baba alikuwa ameshanitazama mimi.

Mama akamwambia asogee, afungue kidogo auone, kwa sababu ana chumvi na ana siki ya kusafishia. Kijana akauvuta mguu kwa mikono miwili kama mtu anayeficha kitu cha wizi. "Hapana, mayu. Usiguse. Umeshapona."

Lori lilipoondoka baba aliinama kwenye sikio la mama, lakini nilikuwa katikati yao, nikasikia yote. "Mama watoto, mwache huyo. Mgonjwa hutaka aonwe. Huyu hataki. Unajua wangapi nimewakamata na vitambaa kama hivyo? Akikamatwa tumekaa naye, tunakwenda ndani sote."

"Ana homa. Huoni anavyotetemeka?"

"Hata mwizi hutetemeka."

Baba akanipa kazi. Niketi nikimwelekea yule kijana, nijifanye nachezea mtoto, nisimwondolee macho. Siwezi kusema sikuipenda kazi ile. Nilijiona mtu mkubwa. Nilimwona akila michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyopewa na mama, anatafuna polepole bila hamu. Nilimwona akifumba macho kila lori liliporuka shimo. Tulipopita Isaka nikaona jambo. Alitazama huku na huku, akatoa kwenye mfuko wa shati kifundo kidogo cha kitambaa cheusi, kikubwa kama kokwa la embe, akakisukuma ndani ya bendeji kwa kidole gumba mpaka kikapotea. Uso wake ulikunjamana kwa maumivu. Halafu akajifunika shuka tena.

Nilimnong'oneza baba. Moyo ulinidunda kwa furaha, naona aibu kusema hivyo leo. Baba alinishika bega, akalibana.

Mvua iliyokuwa inatufuata tangu asubuhi ikatukuta mbugani. Udongo mweusi ule ukilowa huwa kama ugali mbichi, na lori lilizama mpaka kwenye ekseli. Dereva akaamuru watu wote washuke, wakate matawi, wasukume. Kijana akabaki juu.

"Hata wewe!" dereva alimfokea. "Mguu mmoja si unao?"

Alishuka, na alipokanyaga tu akaanguka kifudifudi kwenye tope. Watu wawili watatu walicheka. Mama aliacha tawi alilokuwa amebeba, akamwinua, akamkalisha kando, na alipomgusa shingo alituita kwa sauti kubwa. "Huyu anaungua! Baba watoto, njoo umshike huyu mtu!"

Baba alikwenda, lakini alimshika mama, si yule kijana. Akamvuta hadi nyuma ya lori. "Nimekwambia ana kitu ndani ya hicho kitambaa. Mwanao amekiona kwa macho yake."

Mama akanigeukia. Sikumbuki kama alikasirika. Aliniangalia tu, maji ya mvua yakimtiririka usoni, kisha akamwambia baba, "Hapa si langoni kwako. Ile kazi imekwisha." Akarudi kwa kijana.

Lori lilinasuka topeni mchana. Maili nne tu kabla ya Kahama kulikuwa na kizuizi cha polisi, mti umelazwa barabarani, na kibanda cha nyasi chenye askari wawili. Walikuwa wanamuuliza dereva karatasi zake tu, wala hawakuwa na haja nasi. Ni baba aliyeruka chini, akampigia mkubwa wao saluti, akamwambia aliwahi kufanya kazi gani na anamshuku nani.

Tukashushwa sote. Kwa kuwa aliyeleta habari ni baba, walianza na mizigo yetu. Sanduku likafunguliwa, nguo zikatandazwa kwenye majani yaliyolowa, kibuyu cha samli cha mama kikakorogwa kwa kijiti mpaka chini. Baba alisimama akitazama watu wengine wakimfanyia kile alichowafanyia watu miaka sita, na masikio yake yalikuwa mekundu, mtu mweusi yule. Mama aliokota nguo moja moja akaikung'uta.

Ndipo askari mkubwa akamwendea kijana, akachomoa kisu. "Fungua, au nafungua mimi."

"Afande, nihurumie," kijana alisema, akaanza kulia kama mtoto.

Mama akaingia katikati yao. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilimfikia askari kifuani. "Shikamoo, baba," alimwambia, ingawa yule askari alikuwa rika lake. "Kama ni kufunguliwa, nitafungua mimi. Lakini si kwa kisu. Nipeni maji ya moto. Pale nawaona mmeinjika sufuria."

"Mama, ni ndugu yako huyu?"

"Si ndugu yangu."

"Sasa?"

"Nipeni maji ya moto."

Askari wakatazamana, kisha mdogo wao akaleta sufuria yao, maji waliyotaka kusongea ugali. Mama alitia chumvi, akachovya kanga, akaanza kulowesha ile kaki mzunguko baada ya mzunguko. Sote tulisogea kutazama almasi. Dereva alikuja, utingo alikuja, mimi nilipenya mpaka mbele. Kwenye mzunguko wa nne harufu ikatujia. Utingo alikimbia kutapika. Kwenye mzunguko wa mwisho kitambaa kilikuwa kimeshikana na nyama, na mama alikibandua polepole huku akimwambia kijana ang'ate shuka. Mguu ulikuwa mweusi kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, na umepasuka.

Kile kifundo cheusi cha kitambaa nilichokiona kilidondoka chini. Baba alikiokota upesi, akakifungua. Ndani kulikuwa na unga wa mizizi na kipande cha gamba la kobe. Dawa ya mganga. Alikipekua, akakigeuza ndani nje, akakinusa hata. Hakuna kingine. Alibaki amekishika, hajui akiweke wapi.

Kijana akasema yote sasa. Miezi miwili nyuma alichomwa na mti shambani, kidonda kikakua. Alipelekwa hospitali, daktari akasema mguu ukatwe. Usiku ule ule akatoroka akijikongoja kwa mpini wa ufagio. Tangu hapo kila aliyetaka kuuona mguu aliogopa atamrudisha. Ndiyo maana alisema shoka, akasema baiskeli. Alikuwa anakwenda kwa mjomba wake, mbele ya Segese, kwa mganga aliyesifiwa.

"Utakufa kabla hujafika Segese," mama alimwambia. Hakusema kwa ukali. "Tutakwenda hospitali, ya hapa Kahama. Nitakaa nawe."

"Utakaa mpaka lini, mayu?"

"Mpaka uamke."

Dereva alikataa kumchukua hata kwa hizo maili nne. Abiria wengine nao walikataa, wakaziba pua. Mama akasema basi kitanda chetu cha kamba kishushwe. Hapo ndipo nilipomwona baba ameshindwa. Akienda na lori, amemwacha mkewe na watoto barabarani na mtu asiyemjua. Akibaki, mizigo yote inakwenda Geita na dereva pamoja na utingo, ambaye tangu asubuhi baba alimwona mwizi. Alizunguka lori mara mbili. Mwishowe akaokota kipande cha mkaa, akaandika namba ya lori kwenye mkono wake, akamwambia dereva kwa nani ashushe mizigo, na akashika mguu mmoja wa kitanda. Askari mdogo alishika mwingine, na wakulima wawili waliokuwa wanatoka shambani wakashika miguu iliyobaki. Mama alitembea kando, mdogo wangu mgongoni, mkono wake umeshikwa na kijana. Mimi nilifuata nyuma na fimbo yake. Hakuna aliyenituma kuibeba.

Tulikaa Kahama siku tisa. Mguu ulikatwa juu ya goti kesho yake asubuhi. Alipozinduka mama alikuwepo, kama alivyosema, na kijana alipouona mguu ulipoishia alimtukana kwa Kisukuma matusi ambayo sijayasikia tena. Mama alimwacha amalize, kisha akampa maji. Siku ya sita alikula uji bakuli zima. Siku ya nane alimwambia mama aende, watoto wanachoka. Baba siku hizo zote alishinda nje ya hospitali, barabarani, akisoma namba za malori. Sikumwona akiongea na yule kijana hata mara moja, ila asubuhi tulipoondoka nilimkuta anamchongea magongo ya kutembelea kwa panga la kuazima. Alimpa, akamwonyesha yanavyoshikwa, akatoka bila kungoja ahsante.

Geita tuliikuta mizigo yetu yote kwa baba mdogo, mpaka mchi na sahani. Lakini mwezi ulikuwa umekwisha, na kazi ya ulinzi alikuwa amepewa mtu mwingine siku nne kabla. Baba aliingia chini ya ardhi kusukuma magari ya mawe, kazi iliyomkohoza maisha yake yote. Aliwahi kumwambia mama, mbele yetu, kwamba mguu wa yule kijana ulimgharimu kifua. Mama akajibu, "Ni kweli."

Siku moja, tulikuwa tunachambua choroko, mama aliniuliza kama nilikiona kile kifundo kwa bahati au nilikuwa natafuta. Nilisema kwa bahati. "Sawa," alisema, na akaendelea kuchambua.

Baada ya kama miaka miwili mtu mmoja alituambia kwamba sokoni Segese kuna kijana wa mguu mmoja anauza chumvi. Baba alisema wenye mguu mmoja ni wengi, na huyo mtu huenda anatafuta kula ugali wetu tu. Mama alishona shati, akafunga na karanga, akaomba nafasi kwenye lori na kwenda. Alirudi kesho yake, miguu imejaa vumbi.

"Ndiye?" baba aliuliza.

"Siye. Ni mtu mzima, mguu alikatwa utotoni."

"Nilikwambia. Na shati liko wapi?"

"Nimempa," mama alisema, akaingia jikoni kuwasha moto.