Nilivyofundisha Riwaya ya Bawabu Kibosho

"Mwalimu, huyu bawabu funguo aliachiwa na nani?"

Niliulizwa swali hilo siku yangu ya kwanza kazini, kipindi cha tatu, mbele ya wasichana arobaini na mmoja wa kidato cha sita. Shule ilikuwa juu Kibosho, mahali ambapo ukungu huingia darasani asubuhi na hakuna anayehangaika kufunga dirisha. Nikasema tutalifikia mbele ya safari, kama wanavyosema walimu wote wasio na jibu, na nikaandika kichwa cha somo ubaoni.

Wenzangu hucheka nikisema nimestaafu, kwa kuwa nina miaka thelathini na mbili. Lakini nilifundisha miaka saba, nikaandika barua ya kuacha, nikarudisha vitabu vya shule na ufunguo wa kabati. Sioni neno jingine la kulitumia. Haya nayaandika kwa ajili ya mlio vyuoni sasa, mnaojiandaa kufundisha fasihi, ili mjue kazi yenyewe ilivyokuwa na mahali nilipoteleza.

Riwaya niliyopewa ilikuwa ya ubwege. Hilo ni tapo la fasihi linaloyatazama maisha kama jambo lisilo na maana, ambamo mtu huhangaika na mwisho wa hangaiko lake hauonekani. Mhusika wake mkuu ni bawabu wa mji ambao watu wote wamehama. Kila asubuhi anafungua lango. Kila jioni analifunga. Katikati anafagia njia na kuandika daftarini kwamba leo hakuna aliyeingia. Kurasa mia mbili zinakwenda hivyo, na ukurasa wa mwisho anafungua lango tena.

Niliipenda kuliko kitabu chochote nilichosoma chuo kikuu. Nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu: kwa nini tunasali kabla ya uji, kwa nini kengele inapigwa mara tatu na si mbili, kwa nini riwaya ni lazima iwe na mafunzo. Nilikuja na andalio la somo la kurasa sita. Andalio la somo ni mpango wa kipindi kimoja, dakika kwa dakika, na kwa kawaida halizidi ukurasa mmoja.

Mkuu wa Idara ya Kiswahili, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, alilipima kwa mkono kama anayenunua nyama.

"Umekuja na nini, binti?"

"Andalio la somo, mwalimu."

"Nimeuliza umekuja na nini. Sijauliza umeandika nini."

Nilidhani ananidharau. Nikaenda darasani nikiwa na hasira na kujiamini, mchanganyiko ambao ni mzuri sana kwa sauti na mbaya sana kwa masikio.

Kilichonishangaza darasani ni kwamba riwaya haikumshangaza mtu. Nilisoma kwa sauti sehemu ambayo bawabu anafungua lango la mji mtupu, nikanyamaza ili uzito uwaingie. Wakanitazama. Msichana wa mbele, aliyeuliza lile swali la funguo, akanyoosha mkono tena. Aliitwa Ndeshi.

"Sasa tatizo lake ni nini, mwalimu?"

"Tatizo ni kwamba hakuna mtu. Anamfungulia nani?"

"Si wanakuja Desemba?"

Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Nikacheka peke yangu.

Ni lazima niwaeleze wasomaji wa mbali. Huku mlimani kila familia ina kihamba, yaani shamba la urithi la migomba na kahawa, ambalo ndani yake kuna nyumba na makaburi ya wazee. Watoto wanakwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Arusha, Ulaya. Wakipata, wanajenga nyumba kubwa kihambani, wanaifunga, wanaondoka, na wanarudi Desemba kula sikukuu. Miezi kumi na moja nyumba inakaa na mtu mmoja wa kuitunza. Akifa mwenye nyumba popote alipo, analetwa kuzikwa kwao. Kwa wanafunzi wangu, mji mtupu wenye bawabu ulikuwa mji wa kawaida uliokuwa bado haujafika Desemba.

Nilizaliwa Njoro, mjini, kwenye nyumba ya kupanga. Nilijua hayo yote na sikuyahesabu kuwa na uhusiano wowote na fasihi.

Wiki sita niliwapinga. Nilisema mwandishi hajataja Desemba. Ndeshi akasema hajaikataa pia. Nilisema bawabu anajidanganya. Mwenzake wa nyuma akauliza, "Kwa hiyo ni bwege?" na wakacheka mpaka Sista Mkuu wa Shule, aliyekuwa akipita, akachungulia. Hatimaye nikawapa maelezo ya kunakili: kazi ya bawabu haina maana, hoja nne, mifano miwili kwa kila hoja. Mimi niliyechukia kukariri nikawakaririsha ubwege.

Ukaja mtihani wa majaribio, ambao sisi tuliuita moko. Mwalimu wa somo ndiye aliyeandika mwongozo wa usahihishaji, yaani karatasi inayoonyesha jibu gani lipewe alama ngapi. Nikauandika. Hoja ya kwanza: mtahiniwa aonyeshe kwamba kazi ya bawabu haina maana.

Ndeshi aliandika kurasa tano. Alisema riwaya inahusu mtu anayetunza mahali ili wenyewe wakirudi wasione aibu. Alitaja jinsi bawabu anavyotia mafuta bawaba za lango kila Jumamosi, jambo ambalo mimi, katika kusoma kwangu mara nne, sikuwa nimeliona. Nikampa alama nne kwa ishirini. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: Umetoka nje ya swali.

Alama hizo zilimwangusha somo zima. Ndeshi alikuwa anasomeshwa na parokia, na sharti la parokia lilikuwa kwamba anayefeli kwenye moko somo moja la tahasusi yake, yaani yale masomo matatu ya mchepuo wake, anaachia nafasi. Ilikuwa imebaki miezi mitatu kufika mtihani wa mwisho. Sista aliniita ofisini kunijulisha tu kwamba binti atarudi nyumbani mwisho wa wiki ijayo. Niliitikia na kuaga. Nilikuwa na mwongozo wangu mkononi.

Mkuu wa Idara alinikuta kwenye chumba cha walimu. Alikuwa ameisoma ile karatasi.

"Huyu mtoto amesoma kitabu," alisema. "Wewe umesoma maelezo ya kitabu."

"Mwalimu, hakuzingatia tapo. Riwaya ni ya ubwege."

"Nani kasema?"

"Wahakiki wote."

"Wewe si ndiye unayeuliza kwa nini kengele inapigwa mara tatu? Waulize na hao." Akafunga zipu ya sweta lake. "Kwao ni huku chini ya kanisa. Kesho Jumamosi. Nenda ukamwone mama yake, ukirudi uniambie kazi isiyo na maana inafananaje."

Nilikwenda. Nilimkuta mama yake Ndeshi uani kwa nyumba ya ghorofa yenye vigae vya bluu, akifagia. Nyumba yao wenyewe ilikuwa ndogo, nyuma ya migomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa bawabu?"

"Ndiye mimi."

"Tumecheka sana humu. Karibu. Nimalizie madirisha kwanza."

Yalikuwa kumi na manne. Alifungua moja moja, akafuta kizingiti, akageuza magodoro, akawasha jiko la kuni kwa nusu saa ili moshi ufukuze unyevu, kisha akaanza kufunga. Nilimfuata chumba kwa chumba nikiwa nimeshika tambara alilonipa bila kuniomba. Sebuleni palikuwa na viti vilivyofunikwa shuka nyeupe. Aliinua kila shuka, akaikung'uta nje, akairudisha ilivyokuwa.

"Kila siku, mama?"

"Nyumba usipoifungua inaoza."

"Wenyewe wanakuja lini?"

"Desemba," alisema, akaenda kutazama chungu.

Tulikula kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyumba isiyo yetu. Hakuniuliza habari za alama. Aliniuliza kama yule bawabu alikuwa na mtu wa kumpokea akiugua. Nikasema kitabu hakisemi. Akasema basi mwandishi hakumaliza kazi.

Jumatatu nilikwenda kwa Sista nikaomba kusahihisha upya.

"Mwalimu, alama si sadaka," alisema.

"Siombi sadaka, Sista. Mwongozo wangu ulikuwa na makosa. Uliuliza swali, halafu ukamwadhibu aliyelijibu."

"Na wengine arobaini?"

"Nitasahihisha zote."

Alinitaka nifanye hivyo mbele ya idara nzima, kwa mwongozo mpya, na kila alama niitetee kwa sauti. Ilichukua siku mbili. Mkuu wa Idara alinibishia hata pale alipokubaliana nami, ili nijifunze kutetea. Walionakili maelezo yangu walishuka, na waliniwekea kinyongo mpaka mahafali. Ndeshi alipata kumi na tano. Akabaki shuleni, akafanya mtihani wa mwisho, akafaulu, akaenda kusomea uuguzi.

Baada ya miaka minne nilihamia Kirua Vunjo, miaka miwili, kisha mwaka mmoja wa kufundisha masomo ya ziada Njoro. Kote huko nilifundisha ile riwaya, na kila mara nilianza kwa kuwauliza wanafunzi iwapo wanamjua mtu afanyaye kazi kama ya bawabu. Vidole havikukosekana. Ubwege niliuleta wiki ya tatu, kama maoni ya watu wengine wenye akili, wanaostahili kubishiwa.

Sijaacha kuuliza kila kitu. Niliacha kufundisha kwa sababu nilitaka kuandika, na huwezi kuandika ukiwa na madaftari mia mbili mezani. Nikiulizwa leo kama maisha yana maana, nasema sijui, na nasema kwa sauti ileile niliyokuwa nikisemea kwamba hayana. Ninachokijua kwa hakika ni kidogo: msomaji anayeona bawaba zikitiwa mafuta hajatoka nje ya swali.

Mwaka jana Ndeshi alikuja mjini kwa likizo, tukanywa chai. Nilimuuliza mama hajambo, akasema hajambo, bado anafungua madirisha. Nikauliza wenye nyumba nao. Akaweka kikombe chini. Alikuwa ameiona barua siku chache nyuma, katika kabati la mama yake, alipokuwa akitafuta kadi ya kliniki. Mwenye nyumba alizikwa hukohuko ughaibuni, na watoto wake waliandika kuaga, kwamba hawatarudi tena na mama asijisumbue. Barua ilikuwa na tarehe ya mwaka ambao Ndeshi alikuwa kidato cha pili. Jumamosi ile aliponipa tambara, mama yake alikuwa amekaa nayo miaka minne.