Eksi Nilizozikata Chemchem

Mimi nimesoma hadi darasa la pili, na sioni haya kulisema. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa mikono hii. Lakini hesabu moja ya aljebra ninayo kichwani hadi leo, maana ndiyo iliyonipa mke.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, malori yakihamisha watu kwenda vijiji vipya, redio ikituita ndugu kutwa nzima. Nilikuwa napiga lipu darasa moja hapa Chemchem. Yeye alifundisha hisabati shuleni hapo, binti wa Waarabu wa madukani, ambao wazee wao walikuja na misafara na hawakurudi tena pwani. Nilishamwambia nataka kuleta posa. Akanijibu, "Kwanza nione kama unakubali kufundishwa na mwanamke. Wanaume wa mji huu hawawezi."

Jioni moja, wanafunzi wameshaondoka, akaandika ubaoni hesabu ndefu ya sehemu. Juu: eksi kipeo cha pili, jumlisha eksi tano, jumlisha sita. Chini: eksi kipeo cha pili, jumlisha eksi sita, jumlisha nane.

"Rahisisha."

Jua lilikuwa limelala dirishani, vumbi la chaki na la saruji likielea polepole, nikajiona kama nimo ndani ya asali. Nikachukua chaki, nikakata eksi kipeo cha pili ya juu na ya chini. Si zinafanana?

Akacheka. "Fundi, umebomoa! Weka moja mahali pa eksi. Swali linatoa kumi na mbili ya kumi na tano, yaani nne ya tano. Lako linatoa kumi na moja ya kumi na nne."

Masikio yakanichemka. Mtu mzima nachekwa na msichana! Mguu ulishageukia mlangoni. Nikaurudisha.

"Haya, mwalimu. Nielekeze."

"Kilichojumlishwa hakikatwi, kinakatwa kilichozidishwa. Tafuta namba mbili: ukizizidisha unapata sita, ukizijumlisha unapata tano."

"Mbili na tatu."

"Na chini? Nane, halafu sita."

Treni ililia mbali, upande wa Kigwa. Nikaisikiliza mpaka ikapotea.

"Mbili na nne."

Akanionyesha kuziweka kwenye mabano. Eksi jumlisha mbili ikatokea juu, ikatokea na chini, nikaikata. Ikabaki eksi jumlisha tatu, chini yake eksi jumlisha nne. Nikaweka moja: nne ya tano! Ubao mzima ukawa kama umepumua.

"Nimemaliza!"

"Hujamaliza. Andika eksi isiwe hasi mbili wala hasi nne, asili, yaani ile ya chini, isije ikawa sifuri."

"Hiyo mbili si nimeshaikata?"

"Umeikata kwenye jibu. Kwenye swali bado ipo."

Nikaandika, bila kununa.

Akakung'uta chaki vidoleni. "Mshenga aje Ijumaa baada ya swala. Asichelewe, baba hapendi kungojeshwa."

Akaondoka. Lipu ikanikaukia kwenye karai, nami nimesimama tu, nautazama ubao.