Kofia ya Bwana Vipimo

Kofia ile niliiagiza mwenyewe, kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya. Nilimwambia mama wa cherehani ashone mbele, kwa uzi wa njano: BWANA VIPIMO. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nilijipa.

Nimejaza risasi za bunduki za marisawa katika banda langu la gari kwa miaka thelathini na moja. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unaweka kiwashio kipya, unavuta mkono wa mashine ya kujazia, baruti inashuka, kisha marisawa, vile vigololi vidogo vinavyotawanyika hewani, halafu unafunga mdomo wa ganda. Kazi yote iko kwenye kipimo. Kila ganda lipate baruti ileile na marisawa yaleyale, la sivyo leo bunduki inakupiga teke na kesho inakohoa. Hapa kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha, Dakota Kusini, Marekani, watu walikuwa wameisikia hotuba hii mara nyingi kuliko mahubiri ya mchungaji.

Mke wangu LaVonne aliisikia kuliko wote, maana risasi zake nilizijaza mimi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilenga visahani vya udongo, vinavyorushwa hewani na mashine mlengaji akiita, na hakuwahi kuvunja ishirini na tano mfululizo. Kwetu, mtu akivivunja vyote kwa mara ya kwanza, kofia yake inarushwa juu, wenzake wanaitoboa kwa risasi, na matambara yake yanatundikwa ukutani. Yangu ya mwaka sabini na tisa ipo pale juu ya friji ya bia. Ya LaVonne haikuwepo, na muda ulikuwa umemwishia: bega lake la kulia lingepasuliwa Jumatatu iliyofuata, na daktari alimwambia baada ya hapo asahau bunduki.

Alhamisi, siku ya mwisho ya ligi, alivunja ishirini na nne. Watu wakaacha hata kutafuna. Akaita kisahani cha mwisho, akafyatua, na bunduki ikasema "pufu". Kisahani kikaenda zake taratibu, kikatua kwenye mahindi kizima kabisa.

Refa wetu Duane akachungulia ndani ya mtutu. Kitu kingekuwa kimekwama humo, angempa kisahani kingine.

"Kweupe," akasema. "Samahani sana, LaVonne. Umekikosa."

"Hivi hiyo risasi kaijaza nani?" akauliza jirani yetu Marlys, ambaye jibu alilijua vizuri tu.

Wote wakaitazama kofia yangu.

Ndani ya pikapu nikaanza kujitetea. "Unajua, unyevunyevu wa hewa..."

"Arlo."

"Au labda lile kopo jipya la baruti..."

"Arlo, nyamaza."

Nikanyamaza maili kumi na mbili, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tuoane.

Ijumaa mchana alinifuata bandani na kiti, kahawa na mizani yangu. "Haya, nionyeshe unavyopima."

Nikampimia. Nilivuta mkono wa mashine polepole mpaka mwisho, nikasubiri, nikamimina baruti kwenye mizani, inayopaswa kusoma kumi na nane. Kumi na nane. Nikarudia, kumi na nane. Mara ya tano, kumi na nane.

"Si unaona?" nikasema, kifua mbele. "Hapa hakuna kosa. Nitawaandikia barua hao wenye baruti yao."

"Hivyo ndivyo unavyopima," akasema. "Sasa nionyeshe unavyojaza."

Akawasha redio. Besiboli ilikuwa imeanza. Nikajaza kama siku zote, na muda si muda nilikuwa namtukana mrushaji wa timu yetu, huku navuta mkono wa mashine kwa pupa na kuurudisha kabla haujafika mwisho. Kila mara LaVonne alinisimamisha, akamimina baruti na kusoma mizani kwa sauti.

"Kumi na nane. Kumi na saba. Kumi na tisa." Akainamia mizani. "Kumi na moja."

Nilitamani kujificha kwenye ndoo ya marisawa. Miaka thelathini na moja nilikuwa napima kwa adabu za kanisani, halafu najaza kwa adabu za uwanjani.

"LaVonne," nikasema, "labda hata siku nyingine ni mimi niliyekukosesha."

"Labda," akasema, wala hakunipunguzia. Nikalia, na sikusingizia vumbi.

Nilitupa risasi zote nilizokuwa nimemwekea. Yeye akazima redio, akaketi kwenye mashine, akaanza kuvuta kwa mkono wa kushoto, mpaka mwisho, kila mara akihesabu moja, mbili, kama alivyofanya miaka yote aliyokuwa kazini kwenye kiwanda cha jibini. Alijaza ishirini na tano tu. Kila alipoangalia mizani, ilikuwa kumi na nane.

Jumapili, ligi imekwisha lakini uwanja uko wazi, alikuja klabuni kichwa wazi. Asiyeleta kofia hatarajii itobolewe.

"Umesahau kofia," nikamwambia.

"Sijasahau kitu."

"Kakata tamaa, maskini," akaninong'oneza Marlys.

Nilisimama nyuma yake, sithubutu kukohoa. Risasi zake zote zililia kwa sauti moja. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Baada ya ishirini na nne akashusha bunduki, akalisugua bega, na nikaona jinsi lilivyokuwa linamuuma. Akainua tena, akaita.

Kisahani kikawa vumbi.

Klabu nzima ikapiga kelele. Duane alikuwa anaruka, mtu wa miaka sabini na minne. "Kofia! Kofia yake iko wapi?"

"Hana," nikasema kwa unyonge. "Kaja bila kofia."

LaVonne akampa Marlys bunduki aishike, akanijia moja kwa moja, akanivua kofia kichwani.

"Nani kasema nimekuja bila kofia?" akasema. "Nimekuja na yako."

Wenzake wanne waliolenga pamoja naye walikuwa wameshajipanga, bunduki tayari. Akanikabidhi kofia ile. "Irushe wewe, mume wangu. Na usiharakishe."

Nikauvuta mkono nyuma mpaka mwisho, nikahesabu moja, mbili, nikairusha.