Miguu ya Baba Wayua

Kagure alipokubali kuolewa na Mutie, fundi wa mawe kutoka nchi kavu ya upande wa Tawa, mama yake alimwambia kwamba Murang'a haijaishiwa na wanaume, lakini kama ameamua kwenda kuishi na kiu, shauri yake. Alikwenda. Alijifunza Kikamba kwa kuchekwa sokoni, akamzika mama mkwe wake kama alivyotakiwa, na alipojifungua mtoto wa kwanza, Mbuvi, watu wazima wakaanza kumwita Mama Mbuvi. Watoto ndio waliomwita Mwalimu. Si kwamba alisomea ualimu. Darasa la watoto la Jumapili lilikuwa kazi isiyotakwa na mtu pale kanisani. Kila aliyepewa aliugua ghafla baada ya mwezi. Kagure alipewa, akakaa nalo, mpaka wale aliowafuta kamasi wakaanza kuoa.

Halafu kanisa likagawanyika.

Ubishi ulianza askofu alipomhamisha mchungaji. Nusu ya washirika walisema aende, nusu wakasema haendi popote. Mwau, mzee wa kanisa na mwenye mashine ya kusaga mahindi, aliongoza waliotaka aende. Kivuva, ambaye shamba lake limepakana na kiwanja cha kanisa, aliongoza waliokataa. Watu waliozoea kumega mkate mmoja walinyang'anyana maikrofoni madhabahuni hadi waya ukakatika, na mmoja akapasuliwa kichwa kwa mguu wa kiti. Polisi wakaja, wakawatoa wote nje, mlango ukatiwa kufuli mpaka kesi isikizwe. Tangu hapo kundi la Mwau likawa linaabudu kando ya mashine yake, la Kivuva chini ya turubai shambani kwake, na kila kundi likaelekeza spika zake kwa lingine. Ukipita barabarani siku ya Jumapili, hungeweza kujua ni nani anamsifu Mungu na ni nani anamtukana jirani.

Watoto hakuna aliyewakumbuka. Kagure aliwaita kwake, katika kibanda cha mabati ambamo Mutie aliweka vifaa vyake vya kazi. Wakaja wa huku na wa kule, wakakaa juu ya mawe.

Wiki haikuisha kabla Mwau hajafika. Alikataa kiti.

"Mama Mbuvi, nasikia wajukuu wa Kivuva wanakuja hapa."

"Wanakuja. Na Wayua wako pia anakuja."

"Hilo ndilo limenileta. Hao wengine uwatoe. Na wetu uwafundishe wajue kanisa la kweli ni lipi."

"Mimi nafundisha Injili ya Yohana, Mzee. Sijaona ndani yake mahali palipotajwa kanisa lako."

"Usinichezee na maneno. Wewe ni mgeni hapa."

"Mgeni gani huzika mama mkwe?"

Mwau aliondoka bila kuaga. Siku ya pili yake akaja Nduku, mwenyekiti wa akina mama upande wa Kivuva. Huyu alikubali kiti, akakubali na chai, akacheka vizuri.

"Sisi hatukulazimishi, dada. Tunataka tu uwaambie wale watoto wa Mwau kwamba wazazi wao ni Mafarisayo."

"Wana miaka sita, Nduku."

"Si ndiyo maana? Samaki mkunje angali mbichi."

Kagure aliondoa kikombe cha Nduku kabla hajamaliza chai. Hakuwahi kumfanyia mgeni hivyo maishani mwake.

Jumapili iliyofuata aliwasimulia watoto habari za Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu usiku ule wa karamu ya mwisho. Aliwaeleza kwamba kazi hiyo ilikuwa ya mtumishi, tena yule wa chini kabisa, na kwamba Yesu aliifanya ili wanafunzi wake wajulikane kwa hiyo: si kwa kuimba, si kwa kusema Bwana, Bwana, bali kwa kuoshana.

Muindi, mjukuu wa Kivuva, akauliza, "Na Yuda alioshwa?"

"Yuda alioshwa. Yesu alijua kwamba anakwenda kumsaliti, na akamwosha."

"Hakumfinya?"

Wenzake wakacheka. "Hakumfinya," alisema Kagure.

Kisha akaleta karai. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, na maji yale aliyateka mwenyewe kwenye shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, baada ya kupanga foleni tangu alfajiri. Alimpa kila mtoto mwenzake wa kumwosha, na kwa makusudi akampa kila mmoja mtu wa upande mwingine. Wayua, kitinda mimba wa Mwau, akapewa Muindi. Akapiga magoti, akaushika mguu uliopasuka kisigino, akauingiza majini, ulimi umemtoka kwa bidii.

Hivyo ndivyo baba yake alivyomkuta. Ibada ilikuwa imeanza, akaona mtoto hayupo, akaja kumtafuta mwenyewe.

Mwau aliingia moja kwa moja. Alilipiga karai teke. Likaruka, likagonga mabati kwa kishindo, maji yakamwagika na ardhi ikayanywa papo hapo. Watoto walijibanza ukutani. Akamshika Wayua mkono, akamnyanyua.

"Mtoto wangu anampigia magoti mtoto wa Kivuva. Ndiyo elimu yako hiyo?"

"Ndicho alichofanya Bwana, Mzee."

"Bwana hakuwa na kesi kortini."

"Alikuwa nayo," Kagure akasema. "Ya usiku uleule."

Mwau alimvuta Wayua hadi mlangoni. "Utaona," akasema, akaenda na mtoto wake.

Kagure alidhani basi upande wa Kivuva utamtetea. Jioni hiyo Nduku alisimama langoni, safari hii bila kucheka. Alitaka kujua Muindi ameoshwa kwa maji gani, na ndani yake mlitiwa dawa gani, maana mtoto wa Mwau hawezi kumshika mtoto wao bure. Kufikia Jumapili nyingine pande zote mbili zilikuwa zimewaondoa watoto wao. Kwa hilo peke yake walipatana.

Alipopeleka mahindi yake mashineni, alipanga foleni mpaka zamu yake ikafika. Mwau akazima mashine. "Imeharibika," akasema. Kagure alijitwika debe lake, na kabla hajafika kwenye kona akaisikia ikinguruma. Ikabidi awe anakwenda kusaga ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi. Wanawake aliowashika mkono wakati wa kujifungua walipokutana naye njiani walianza kutafuta kitu ndani ya vikapu vyao. Asubuhi moja aliamka akakuta lango limeandikwa kwa makaa: RUDI KWENU. Mutie alilisugua kwa majani. Yeye pia alikuwa amepoteza kazi. Kivuva alikuwa amemwahidi kazi ya kujenga msingi wa kanisa jipya la upande wake, sasa akampa mtu mwingine.

"Kagure," alisema mumewe wakati wa chakula, "si uchague upande mmoja tu? Hata upande mbaya una watu."

Kagure aliinuka akakusanya sahani. Kitu kilichomtisha kilikuwa ndani yake mwenyewe. Aligundua kwamba anaposonga ugali anamlaani Mwau kwa Kikikuyu, neno kwa kila mgeuzo wa mwiko. Alitamani mkanda wa ile mashine ukatike umchape usoni. Akipiga magoti kuomba, uso wa Mwau unatangulia, naye anaufurahia kwa kuupangia mabaya. Hakuwahi kujua kwamba chuki ina utamu.

Darasani walibaki watoto wachache tu, wa watu wasiokwenda ibada yoyote. Jumapili moja, walipokuwa wanaimba, Wayua alitokea kwenye ua wa minyaa, gauni limechanika begani. Alikaa kwenye jiwe lake. Wimbo ulipoisha akauliza swali ambalo bila shaka alikuja nalo.

"Mwalimu, wewe unaweza kumwosha baba miguu?"

Kagure alikuwa na jibu tayari, lile ambalo mwalimu yeyote wa watoto huwa nalo. Lilifika mdomoni, likakataa kutoka.

"La," akasema. "Siwezi. Nikiiona tu miguu yake inakuja njiani, natamani kuikanyaga."

Hakuna aliyecheka. Wayua alifikiri. "Basi yale ulitufundisha ni ya uongo?"

"Si ya uongo. Ni mimi sijayafikia."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama mtu mzima aliyeelewa. "Hata mimi," akasema polepole, "Muindi nilimfinya kidogo."

Siku mbili baadaye Kagure alijitwika debe la mahindi akaenda mashineni kwa Mwau. Wanawake kwenye foleni waligeukia vikapu vyao. Zamu yake ilipofika, Mwau akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Zima," alisema Kagure, "nina neno, nisipige kelele."

Mashine ikanyamaza. Mwau akangoja, mikono imejaa unga.

"Nimeulizwa na mtoto kama naweza kuosha miguu yako. Nilisema siwezi. Nikaona si vizuri watoto walijue hilo na wewe hulijui. Nakuchukia, Mzee. Nakuombea mabaya nikipika. Kwa hilo naomba unisamehe. Kwa kuwafundisha watoto, siombi msamaha."

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa.

"Umemaliza?" aliuliza Mwau.

"Nimemaliza."

"Hata mimi nakuchukia."

"Najua."

"Na mimi siombi msamaha."

"Sijakwambia uombe."

Kagure aliinama achukue debe lake aondoke, lakini Mwau alikuwa ameshalishika. Alilimwaga juu ya mashine, akaiwasha, akasaga bila kumtazama, unga ukawa laini kama wa mtu mwingine yeyote. Kagure alipomshukuru, Mwau alitazama nyuma yake akasema, "Anayefuata."

Kesi ingali kortini. Kila ikitajwa inaahirishwa. Spika bado zinaelekezana. Mutie alipata kazi Kalamba, huondoka Jumatatu na kurudi mwisho wa wiki, na lango halijaandikwa tena. Mwau humsagia Kagure mahindi na hawaongei. Ziko siku Kagure humaliza kupika ugali akashtuka kwamba hakumlaani mtu; ziko nyingine humlaani mara mbili. Wayua huja Jumapili moja, akakosa mbili.

Jumapili ya juzi alikuja amechelewa. Kagure alitoka kumpokea, akamwona Mwau barabarani, amevaa suti, Biblia kwapani, macho yakimfuata binti yake anavyojipenyeza kwenye minyaa. Kagure aliungoja ukelele. Mwau aligeuza uso upande wa pili, kama mtu ambaye hakumwona mtoto, akapanda zake kuelekea mashineni, na muda si muda spika ikawaka. Siku hiyo alihubiri ubaya wa Kivuva mpaka jua likawa la utosi.