Gauni Ambalo Baba Hakuliona

Nyumbani kwetu Nyakisasa, wilayani Ngara, kulikuwa na ugomvi mmoja tu wa kudumu. Mingine ilikuja na kupita: mbuzi wa jirani, mti wa kahawa uliokatwa kimakosa, nani aliacha mlango wazi kuku wakaingia. Huu haukupita. Mama alisema siku ya harusi yake alivaa gauni la baleti. Baba alisema gauni la namna hiyo halikuwepo kabisa, na kwamba yeye alioa mwanamke aliyeviringishwa shuka kama mkeka.

Sisi watoto tulikuwa upande wa baba. Mtu ambaye kila siku umemwona na jembe, amejifunga kanga mbili, akikwambia aliwahi kuvaa kama wale Wazungu wanaocheza kwa ncha za vidole vya miguu, unacheka. Mimi nilicheka kuliko wenzangu, na nilipokuwa fundi cherehani mjini Biharamulo nikaanza kucheka kitaalamu. Nilimweleza mama kwamba mshono ule hauwezekani kwa mashine za zamani zile. Alinitazama tu, akaendelea kumenya ndizi.

Hadithi yake haikubadilika hata siku moja. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sitini, Uhuru bado mpya, naye alikuwa msichana wa kufagia nyumba ya masista misheni. Ukutani palikuwa na kalenda, na mwezi mmoja ulikuwa na picha ya binti wa baleti. Kifua kimebanwa, mikono wazi, kiuno chembamba, na sketi ya neti, tabaka juu ya tabaka, imetanuka pande zote na kuishia juu ya magoti. Mwezi ulipokwisha sista akampa ule ukurasa. Alipochumbiwa akaukunja, akatembea siku mbili mpaka Biharamulo, akamwekea fundi mezani.

Fundi yule alikuwa mtu wa kaptura za makarani. Hakuwahi kuona kitu kama kile, lakini alisema kinawezekana, maana sisi mafundi tuna ugonjwa huo. Alichukua chandarua cheupe, akakikata matabaka, akakishona, akakichovya kwenye maji ya sukari. Kilipokauka kikasimama chenyewe juu ya meza. Mama akakipeleka nyumbani kichwani, na njia nzima watoto walimfuata.

Asubuhi ya harusi mama mkwe wake alifika na shuka mbili. Akamfunga kuanzia kwapani hadi kwenye vifundo vya miguu, bila maelezo, na sketi yote ikalala humo ndani. Mama alikwenda kanisani kwa hatua za kifaranga. Jioni wanawake wakambadilisha nguo kabla bwana harusi hajaingia, na mama mkwe akaondoka na gauni. Chandarua kilimalizia maisha yake kikichuja pombe ya ndizi. Mama alikiri kwamba pombe ya mwaka ule ilikuwa safi sana.

Mwaka juzi paroko alitangaza kwamba wazazi wetu wametimiza miaka sitini ya ndoa, na kwamba watarudia ahadi zao kwenye misa ya Jumapili. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwenyekiti wa kila kamati katika ukoo hata zile ambazo hazijaundwa, akachagua kitenge cha sare siku hiyo hiyo. Kilikuwa na picha za tausi. Kesho yake asubuhi mama akanipigia simu.

"Sivai tausi," alisema. "Nataka gauni langu. Nataka huyu mzee alione kabla mmoja wetu hajaondoka."

Nilitaka kucheka kama kawaida, kicheko kikagoma. Niliona aibu. Mwanamke amebishiwa miaka sitini na watu anaowapikia, na mimi, ambaye nusu ya maisha yangu nashona nguo za wengine, sikuwahi hata siku moja kumuuliza lile gauni lilifungwa vipi mgongoni. Nikamwambia nitashona.

Kusema ni rahisi. Nilinunua bando nikakaa na simu wiki nzima kuangalia wacheza baleti. Niligundua kwamba sketi zao ni za aina mbili kubwa. Moja imekaa kama sinia na haifichi chochote. Nyingine inashuka kama kengele. Nilimwomba Mungu liwe la kengele. Mama alipoziona zote alisema la kwake lilikuwa katikati ya hizo mbili, na hapo nikajua kazi ninayo.

Nilikwenda kumpima. Kiuno cha kalenda tulikitafuta kwa tepu huku na huku, mwishowe tukakubaliana mahali pa kukiweka. Nilipofika kwenye urefu, nikaiba vidole vinne kuelekea chini, kwa heshima yake na yangu. Siku ya kujaribu alijitazama kwenye kioo, akainama kwa shida, akaweka kidole juu ya goti. Nikapandisha upindo nikiwa nimenuna.

Kaka alisikia. Alinipigia kwa ile sauti yake ya kikao, akasema mama wa miaka themanini na kitu hawezi kuonyesha magoti mbele ya altare, na kwamba mimi ndiye ninayemchochea. Nikamjibu maneno ambayo dada mdogo hamwambii kaka yake. Mama alipoletewa malalamiko hayo alisema magoti yake Mungu anayajua, ameyaona yakipigwa kwenye sakafu ya kanisa lile tangu ikiwa ya udongo. Kaka akaomba basi angalau avae soksi ndefu. Mama akakubali soksi, nyeupe.

Neti niliipata kwa wauza shela za maharusi, matabaka tisa. Ili isimame nilitumia wanga, kama mtu mwenye akili. Mama alisema sukari. Nikamwambia sukari ni ya chai. Basi nilipanda gari na gauni mapajani. Pale Lusahunga, nikisubiri gari la kuingia Ngara, dereva mmoja wa lori alinizunguka mara mbili akaniuliza ile kawa ni ya kufunikia chakula cha watu wangapi. Kufika Nyakisasa, baada ya manyunyu na ukungu wa njiani, sketi ilikuwa imelala kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni. Mama hakusema nilikwambia. Alileta tu sufuria na kilo mbili za sukari.

Ilikuwa Jumamosi, jua kali limetoka. Nilichovya, nikakamua, nikatundika kwenye kamba nyuma ya nyumba, nikaingia ndani kunywa chai. Katika hasira zangu nilisahau kwamba baba ni mtu wa nyuki. Ana mizinga kumi na minane pale pale bondeni, na ulikuwa msimu ambao nyuki hawana maua. Nilipotoka, gauni lilikuwa la kahawia, na lilikuwa linanguruma.

Mama alishika mdomo. Kaka, aliyekuwa amekuja kukagua viti, alikimbia na kiti kimoja mkononi. Mimi nililia waziwazi, maana misa ilikuwa kesho na neti nyingine hakuna. Baba ndiye aliyeinuka. Aliwasha majani makavu, akanifukuza nirudi ndani, akaenda peke yake polepole na moshi wake, akiwapepea nyuki tabaka baada ya tabaka kama mtu anayepekua kurasa. Nilimchungulia dirishani. Nyuki walikwisha kuondoka, moshi umezimika, yeye bado amesimama pale anatazama. Nikadhani ni macho yake mabovu yanamsumbua.

Asubuhi mama akatoka chumbani. Kifua kimebana, mikono yake mikavu iko wazi, sketi imesimama pande zote, halafu soksi nyeupe na viatu vya mpira. Alinuka moshi na sukari. Lazima nikiri alichekesha kidogo, na lazima nikiri pia kwamba alikuwa mzuri. Kaka, ndani ya tausi zake, alitazama dari. Baba alikuwa kwenye kiti, amevaa koti. Alimtazama mama kutoka juu hadi chini.

"Mkanda ulikuwa wa bluu," alisema.

Mimi sikuweka mkanda kwa sababu mama hakuutaja. Nilimgeukia nikaona uso wake umebadilika, nikaelewa kwamba hata yeye alikuwa ameusahau.

"Umeujuaje, Mzee?" mama aliuliza.

Baba alizungusha kofia yake mapajani. Alieleza taratibu, akiwa anaiambia ile kofia. Asubuhi ya harusi alikwenda kwa wakwe na wenzake kabla ya wakati, akachungulia kwenye ua wa matete, akamwona amesimama juani na gauni lake. Wenzake nao walikuwa wanasogea kutazama. Akawarudisha nyuma, akakimbia kwa mama yake kumwomba alete shuka. Baadaye aliona haya kusema. Akakana mara ya kwanza, na baada ya hapo ilikuwa lazima aendelee kukana.

Nilingoja mama alie. Nilingoja amtupie kitu. Yeye aliketi kwanza, sketi ikapanda mbele mpaka kidevuni, akaishusha kwa mikono yote miwili, akasimama tena, akaomba fimbo yake na kusema tutachelewa misa.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Walipofika mbele ya altare watu waliacha hata kukohoa. Paroko alianza na baba, akamuuliza kama bado anaishika ahadi yake, baba akasema anaishika. Akamgeukia mama akamuuliza vile vile. Mama hakujibu. Paroko akadhani hakusikia, akarudia kwa sauti zaidi.

"Nimesikia, Padre," mama alisema. "Aseme kwanza lile la gauni."

Paroko alimtazama kaka, kaka akatazama tausi. Baba akashusha pumzi. Akasema gauni lilikuwepo, aliliona, na ni yeye aliyelifunika.

"Kwa sauti, Mzee," mama alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Baba akageuka, akawatazama watu wote, wakwe, majirani, wajukuu na kwaya, akarudia neno kwa neno mpaka waliokuwa nje wakasikia. Ndipo mama akamwambia paroko kwamba na yeye anaishika.