Siku Tulipoambiwa Kiwanda ni Chetu

Tulikuwa bandani kule Lufingo, tunasubiri chai yetu ipimwe, bwana wa ushirika alipopanda juu ya benchi na kutangaza kwamba mambo yamebadilika. Sisi wakulima wadogo tumepata sehemu yetu katika kiwanda. Kuanzia sasa sisi si wauza majani tu, ni wenye mali, na inatupasa kumpeleka mtu wetu kwenye bodi. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, ingawa nilikuwa bado nangoja aeleze vizuri. Kabla sijaelewa, mtu huko nyuma akasema, "Apelekwe mama huyu, ana mdomo." Mikono ikanyooshwa, nikawa mjumbe.

Siku ya kikao nilivaa kitenge changu cha kanisani. Getini mlinzi aliniamkia, kisha akanionyesha upande wa nyuma.

"Wauza chai wanapita kule, mama."

"Mimi ni mjumbe wa bodi."

Akaitazama miguu yangu iliyojaa tope la njiani. "Mjumbe wa nani?"

Nami nikajiuliza. Wa wakulima? Wa kiwanda? Ikabidi aulize ndani ndipo akanifungulia.

Meneja alinivutia kiti, akaniita mheshimiwa. Akaeleza kwamba mashine ya kukaushia imechoka. Mvua zimekolea, majani ni mengi, na tukiilazimisha itakufa kabisa. Alitaka kiwanda kisipokee chai mpaka fundi amalize kazi.

"Na majani ya watu yaende wapi?" nikauliza.

Akanijibu kwa upole, "Lakini mheshimiwa, mashine hii ni yenu."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kama mchuma chai nilitaka kupiga kelele. Kama mwenye mashine niliona anasema kweli. Wajumbe wengine waliponyoosha mikono kumkubalia, nami nikanyoosha, nisijue ni nani kati ya hao wawili aliyeuinua mkono wangu.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia. Jirani yangu, bibi mjane anayeishi kwa chai na ndizi, alikuwa ameketi kando ya gunia lake. Alikuwa amechuma tangu asubuhi, na majani yalishaanza kupata moto guniani na kuwa mekundu, hayafai tena.

"Ugonile, bibi," nikamsalimia.

Hakuitikia. "Nani ameamua?"

"Sisi, bibi."

"Sisi akina nani? Mimi nilikuwa shambani."

Nikamweleza habari za mashine. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Zamani mwenye kiwanda akiikataa chai yangu, nilimlaani nikaenda kulala. Sasa nimlaani nani, mwanangu? Wewe? Au nijilaani mwenyewe?"

Nilimsaidia kuyamwaga yale majani kwenye migomba. Tulipomaliza akaniambia, "Ndaga fijo." Ni asante sana kwa lugha yetu, lakini mpaka leo sijui kama alinishukuru au alinisuta.

Mashine ikatengenezwa, chai ikapokelewa tena. Kabla ya kikao kilichofuata nikawaita wenzangu bandani, safari hii wao wenyewe waniambie la kusema. Faida ikipatikana, inunue mashine mpya au iongeze bei ya majani? Bibi alisema mashine. Mume wangu alisema bei. Mwingine akauliza kwa nini tunapoteza muda, mjumbe si tumeshamchagua aamue? Tulibishana mpaka mvua ikaanza kutupiga kwa pembeni, watu wakatawanyika bila kukubaliana neno moja.

Kikaoni niliyasema yote kama nilivyoyasikia. Bodi ikachagua mashine. Bibi alifurahi, mume wangu alininunia mpaka Jumapili. Watu wanasema sasa mkulima ana nguvu, nami siwezi kukataa, maana zamani hakuna aliyekuwa akituuliza chochote. Ila mtu akitaka nimweleze nguvu hiyo imekaa wapi hasa, huwa namkaribisha kiti kwanza, kwa kuwa hata mimi sijui nianzie wapi.